Arudhi ilipovunjwa Uajemi, kazi yake ilikwenda wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi linganishi na nimechagua kuandika juu ya ushairi wa kisasa wa Kiajemi kwa kutumia nadharia ya wafomalisti wa Kirusi, wale wahakiki wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliotazama umbo la kazi ya fasihi kwanza. Nimekwama mahali pawili. Kwanza, washairi hao waliivunja arudhi, yaani kanuni za kale za kupanga mapigo ya shairi. Sasa mhakiki wa umbo atashika nini ikiwa umbo lenyewe limetupwa? Pili, kila ninachokisoma kinasema mashairi hayo ni ya kisiasa, na msimamizi wangu ananiuliza kama sitakuwa ninaikwepa hoja kwa kuhesabu silabi ilhali baadhi ya washairi wenyewe walifungwa jela. Naomba mwongozo.

Jibu: Marahaba. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja, nao ni dhana kwamba umbo la shairi ni vina na mizani, na kwamba vikiondoka hivyo hubaki maudhui matupu. Sisi tuliolelewa katika ushairi wa Kiswahili tunanaswa na dhana hiyo kwa urahisi, kwa sababu mgogoro wetu wenyewe, ule uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, uliishia mara nyingi kwenye swali moja tu: je, tungo isiyo na vina ni shairi au si shairi? Waajemi walikuwa na mgogoro wao miongo kadhaa kabla yetu, na kwao pia wapo walioganda kwenye swali hilohilo. Mfomalisti haulizi hivyo. Huuliza kifaa fulani kilikuwa kikifanya kazi gani ndani ya shairi, na kilipoondolewa, kazi hiyo ilirithiwa na kifaa kipi. Yuri Tynyanov, mmoja wa wafomalisti hao, aliyatazama mabadiliko ya fasihi kwa jicho hilo, na kwa maoni yangu yeye atakufaa zaidi kuliko mwenzake Viktor Shklovsky, ingawa Shklovsky ndiye anayetajwa kila mahali.

Kabla ya kwenda mbali, nisahihishe neno moja katika swali lako. Ali Esfandiyari, mwanzilishi wa ushairi wa kisasa wa Kiajemi, aliyejiita Nima Yushij kwa kijiji chake cha Yush kule Mazandaran, hakuitupa arudhi. Arudhi ya Kiajemi haihesabu silabi kama inavyofanya mizani yetu. Hupanga silabi fupi na silabi ndefu katika vigezo vinavyojirudia, na kila kigezo huitwa rokn, yaani nguzo, neno ambalo sisi tunalo kama rukuni. Katika shairi la kale idadi ya nguzo ikishawekwa katika mshororo wa kwanza, haibadiliki mpaka mwisho. Alichokifanya Nima, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 katika mashairi kama Qoqnus, ni kuiacha nguzo kama ilivyo na kuifungua idadi yake, hata mshororo mmoja ukawa na nguzo mbili na unaofuata ukawa na tano. Aliandika kwamba mshororo mmoja peke yake hauwezi kuzaa wazani, yaani mapigo, anaoutaka. Wazani huo huzaliwa na mishororo kadhaa ikiungana. Kina nacho hakukifuta, bali alikifananisha na kengele: kilie pale jambo linapofika mwisho wake, si kwa sababu tu mshororo umefika ukingoni.

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuzihesabu silabi za shairi la Nima kwa vidole, kama nilivyofundishwa kuhesabu mizani, nikapata tarakimu zisizo na mpangilio wowote, nikaandika kwa ujasiri kwamba mshairi huyu hana kanuni. Mwalimu wangu wa Kiajemi hakunikemea. Alichukua kalamu, akaweka alama ya fupi na ndefu juu ya kila silabi, na nguzo zikajitokeza moja baada ya nyingine kama mbavu. Ukichukua ushauri mmoja tu katika barua hii, uwe huo: usiandike neno kuhusu umbo la mashairi haya kabla hujaweka alama hizo kwa mkono wako.

Tuliweke jambo hili mezani kwa mfano. Mehdi Akhavan-Sales, mzaliwa wa Mashhad na mfuasi hodari kuliko wote wa njia ya Nima, alitunga Zemestan, yaani majira ya baridi, na diwani iliyobeba jina hilo ikatoka mwaka 1956. (Neno letu kipupwe ni pole mno kwa baridi hii, kwa hiyo sitalitumia.) Shairi linaanza hivi: salamat ra nemikhahand pasokh goft, sarha dar gariban ast, salamu yako hawataki kuijibu, vichwa vimezama kwenye ukosi. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kuelezwa uzito wa salamu isiyojibiwa, kwani tumefunzwa tangu utotoni kwamba kusalimu ni sunna na kuitikia ni wajibu. Lakini hayo bado ni maudhui. Sikiliza sasa nguzo. Sa-la-mat-ra: fupi, ndefu, ndefu, ndefu. Ne-mi-kha-han: fupi, ndefu, ndefu, ndefu. Hii ni nguzo ya bahari iitwayo hazaj, na ghazali inayofungua diwani ya Hafez, mshairi mkuu wa kale, imejengwa kwa nguzo hiyohiyo, nne katika kila mshororo. Sikio la Mwajemi aliyesoma linapoisikia, linangojea nne.

Akhavan hatoi nne. Mishororo minane ya mwanzo, ikiandikwa kama ilivyozoeleka, ina nguzo tatu, mbili, tano, tatu, mbili, tatu, tatu, mbili. Hakuna hata mmoja wenye nne. Kina nacho kinaangukia mahali pa namna moja tu, kwenye mishororo iliyofupishwa hadi nguzo mbili: gariban ast, vichwa viko ukosini, laghzan ast, njia inateleza, suzan ast, baridi inaunguza. Mara tatu sentensi inajinyosha, mara tatu inajikunja, na inapojikunja ndipo kengele ya Nima inapolia. Huo ndio mwendo wa mwili wa mtu anayetembea kwenye baridi kali, naye mshairi hakuwahi kuuelezea. Ameutia ndani ya hesabu.

Angalia na jambo dogo zaidi ambalo tafsiri yoyote italipoteza. Neno goft, linalofunga mshororo wa kwanza, linaishia kwa konsonanti mbili, na arudhi huihesabu silabi ya namna hiyo kuwa ndefu pamoja na fupi. Ile fupi ya ziada haina nafasi katika nguzo ya tatu, ambayo imekwisha kutimia, bali inahitajika kuanzisha nguzo ya mshororo unaofuata, kwa kuwa sarha huanza kwa silabi ndefu. Kwa hiyo mshororo wa kwanza unamwagikia wa pili: kukataa kujibu kunatiririka moja kwa moja hadi kwenye sababu yake. Likumbuke hilo, maana tutalirudia.

Sasa, arudhi ni tabaka moja tu. Chombo ambacho nimekiona kinafaa kuliko vyote kwa ushairi huu kimetoka kwa Mwirani mwenyewe, Mohammad-Reza Shafi'i-Kadkani, katika kitabu chake Musiqi-ye she'r kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979. Yeye anasema kwamba shairi ni tukio linalotokea ndani ya lugha, kisha anaugawa muziki wa shairi katika aina nne: wa nje, ambao ni wazani, wa pembeni, ambao ni kina pamoja na radif, yaani lile neno linalorudiwa baada ya kina, wa ndani, ambao ni mwafaka wa sauti ndani ya mshororo, na wa maana, ambao ni mivutano kama ya kinyume, ulinganifu na neno lenye maana mbili. Nguvu ya mgawanyo huu ni kwamba unakuwezesha kuona kazi ikihama. Muziki wa nje ukipungua, hulazimiki kusema kwamba muziki umekwisha; unakwenda kutazama katika aina tatu zilizobaki, uone ni ipi imeongezewa mzigo.

Rudi kwenye Zemestan ukiwa na chombo hicho. Katika maneno ke sarma sakht suzan ast sauti ya s inarudi mara nne na kuwa kama upepo unaopita kwenye meno. Huo ni muziki wa ndani. Baadaye mnenaji anamwendea mwenye kilabu cha mvinyo, mzee Mkristo aliyevaa shati chafu, na kumwambia kwamba hali ya hewa ni baridi najavanmardane, yaani baridi isiyo na uungwana. Neno hilo ni la maadili ya wanaume, la mtu anayempiga aliyeanguka, nalo hapa limebandikwa juu ya hali ya hewa. Mara baada ya hapo anamwambia damat garm. Kwa Kiajemi cha mtaani hayo ni maneno ya kumsifu au kumshukuru mtu, kama sisi tunavyosema "safi sana" au "Mungu akuweke", na hakuna anayesimama kufikiri kwamba kwa asili yanamaanisha "pumzi yako iwe ya moto". Lakini mistari michache kabla ya hapo tumekwisha kuiona pumzi ikitoka kwenye joto la kifua na kugeuka wingu jeusi, likasimama kama ukuta mbele ya macho. Baada ya picha hiyo msemo uliochakaa hauwezi tena kupita bila kusikika. Pumzi imerudi kuwa pumzi na joto limerudi kuwa joto. Shklovsky aliandika mwaka 1914 juu ya ufufuko wa neno, na Shafi'i-Kadkani aliupa mkusanyiko wa mihadhara yake juu ya wafomalisti, uliochapishwa mwaka 2012, jina la Rastakhiz-e kalemat, ufufuko wa maneno. Sijui mfano wowote unaoionyesha dhana hiyo waziwazi kuliko damat garm ya Akhavan.

Hapa ndipo linapokuja swali lako kwa ukali wake wote, kwa sababu Ahmad Shamlu alikwenda mahali ambapo Nima hakufika. Yeye aliiacha hata nguzo, na ushairi wake Waajemi huuita she'r-e sepid, shairi jeupe. Katika diwani ya Ayda dar ayneh ana tungo inayosema kwamba hajawahi kuyaogopa mauti, kisha inaendelea: heras-e man, bari, hame az mordan dar sarzamini-st ke mozd-e gurkan az baha-ye azadi-ye adami afzun bashad, hofu yangu, naam, yote ni ya kufa katika nchi ambamo ujira wa mchimba kaburi unazidi bei ya uhuru wa mwanadamu. Ukitafuta nguzo hutaipata. Tazama badala yake sintaksia. Mshairi anaukata usemi wa mwisho vipande vitatu: mozd-e gurkan peke yake, kisha az baha-ye azadi-ye adami, kisha afzun bashad. Ujira umewekwa kwenye kitanga kimoja cha mizani, uhuru kwenye kitanga cha pili, na kitenzi kinachosema upi mzito kimecheleweshwa hadi mshororo wa mwisho. Sauti ndefu ya a katika azadi na adami inakifanya kitanga cha pili kisikike kizito, na kumbe ndicho chepesi. Neno bari, lililosimama katikati kama mtu anayevuta pumzi, ni la nathari ya kale, na Shamlu alijifunza mengi kutoka kwa nathari hiyo, hususan kitabu cha historia cha Bayhaqi cha karne ya 11. Kazi ambayo katika ghazali ilifanywa na wazani, ya kulichelewesha neno na kulipa uzito, sasa inafanywa na mpangilio wa sentensi na ukingo wa mshororo.

Forugh Farrokhzad amesimama kati ya hao wawili, na ukipata nafasi mpe sura yake. Katika diwani yake Tavallodi digar ya mwaka 1964 anaishika arudhi ya Nima kwa mkono mlegevu makusudi, ili maneno ya mazungumzo ya kila siku yapite bila kukunjwa. Yadollah Royai, ambaye kundi lake lilitoa tamko la "ushairi wa ujazo" mwaka 1969, na Reza Baraheni, aliyetangaza mwaka 1995 kwamba yeye si mshairi wa Kinima tena, walilisukuma jambo hili hadi mahali ambapo lugha inajitazama yenyewe. Ni mada pana ambayo kwa tasnifu yako itakuwa mzigo wa ziada, wataje, uendelee.

Kuna mtego mmoja ninaopenda kukutahadharisha nao kwa sababu nimeusahihisha mara nyingi mno. Kourosh Safavi, mwanaisimu wa Tehran, alitoa juzuu mbili za Az zabanshenasi be adabiyat, ya kwanza mwaka 1994 na ya pili mwaka 2001. Ndani yake anatenganisha nazm, yaani utungo wa mizani, anayoiona inazaliwa kwa kuongeza kanuni juu ya lugha ya kawaida, na she'r, yaani ushairi wenyewe, anayoiona inazaliwa kwa kupunguza kanuni. Na kutoka kwa mwanaisimu Mwingereza Geoffrey Leech alichukua aina nane za ukiushi, yaani kuvunja kanuni za lugha: wa msamiati, wa sarufi, wa sauti, wa maandishi, wa maana, wa lahaja, wa rejista na wa wakati. Ni kazi ya heshima. Tatizo ni wanaoitumia. Mwanafunzi huchora jedwali la safu nane, hupekua diwani akiwinda mifano, hujaza kila safu, na mwisho huhitimisha kwamba mshairi amekiuka sana. Jedwali hilo halituambii lolote, kwa kuwa hata tangazo la sabuni lina ukiushi. Ukiuona ukiushi wa wakati kwa Akhavan, mathalani kitenzi yazi, "ukiunyosha" mkono, ambacho kilikwisha kutoka katika matumizi ya kila siku, usiishie kusema kwamba ni cha kale. Uliza kinafanya nini pale kilipo. Kwa maoni yangu kinaileta sauti ya Khorasan ya kale, nchi ya kwao Akhavan, ya mashujaa na tenzi ndefu, kwenye barabara ambayo hakuna anayethubutu kuinua kichwa, na pengo kati ya sauti hiyo na barabara hiyo ndilo linalouma.

Huenda ukaulizwa pia kama si ukoloni wa kinadharia kuwapima Waajemi kwa kipimo cha Warusi. Jibu lipo na ni zuri. Abd al-Qahir al-Jurjani, mtu wa Gorgan aliyeandika kwa Kiarabu katika karne ya 11, alishikilia kwamba ubora wa usemi haumo katika neno moja moja wala katika wazo tupu, bali katika nadhm, namna maneno yanavyofungamanishwa kisarufi. Shafi'i-Kadkani anawasoma Warusi huku akimkumbuka al-Jurjani, na wewe ukifanya hivyo utakuwa umesimama juu ya ardhi ya wenyeji.

Nafika kwa msimamizi wako, ambaye shaka yake ni ya haki. Mapinduzi ya tarehe 19 Agosti 1953 yalimwangusha waziri mkuu Mosaddegh, Akhavan na Shamlu wakatiwa jela katika msako uliofuata, na Zemestan imesomwa tangu wakati huo kama picha ya nchi baada ya pigo hilo. Usomaji huo mimi siupingi. Kihistoria kuna kejeli hapa: wakosoaji wa mrengo wa kushoto wa Iran walipokea nadharia yao ya fasihi kutoka Moscow wakati ambapo ufomalisti ulikuwa umekwisha kunyamazishwa kule kwao, na kwa hiyo kwa muda mrefu kumwita mtu fomalisti kulikuwa ni kumshutumu. Lakini baridi kuwa ishara ya dhuluma ni jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulibuni. Mashairi mangapi yameandikwa juu ya baridi na dhuluma, na yamesahauliwa? Hoja ya kumpelekea msimamizi wako ni kwamba siasa ya shairi hili imo ndani ya hesabu zake, na njia nzuri ya kumwonyesha ni kumfungulia ukurasa wa mwisho.

Karibu na mwisho mshororo wa kwanza unarudi neno kwa neno: salamu yako hawataki kuijibu. Safari hii unaofuata unaanza kwa hava, hewa, ambayo silabi yake ya kwanza ni fupi tayari. Ile silabi ya ziada ya goft haihitajiki tena. Mshororo uliomwagika mwanzoni sasa unafungwa kama mlango. Baada yake inakuja orodha isiyo na kitenzi hata kimoja: hewa ya kusononesha, milango iliyofungwa, vichwa ukosini, mikono iliyofichwa, nguzo tano. Pumzi kuwa mawingu, mioyo kuchoka, nguzo tatu. Miti, mifupa iliyonakshiwa kwa bilauri, nguzo tatu. Ardhi iliyokufa moyo, dari ya mbingu iliyoshuka chini, nguzo tatu. Jua na mwezi vilivyofunikwa na vumbi, nguzo mbili. Kisha ze-mes-ta-nast, fupi, ndefu, ndefu, ndefu: ni majira ya baridi. Nguzo moja.